Mgeni wa Kesi Moja: Mtu wa Kakamega katika Vichekesho vya Televisheni ya Kenya

Mchezo wowote wa televisheni unaokusudiwa kudumu kwa miaka mingi huhitaji waigizaji wa aina mbili: wale wa kudumu, ambao watazamaji huwatarajia kila wiki kama wanavyomtarajia jirani, na wale wa kupita, ambao huingia katika kipindi kimoja na shida yao, wakaifikisha kileleni, kisha wakaondoka wasionekane tena, au wakarejea miezi kadhaa baadaye kwa jina jingine na mavazi mengine. Nafasi hiyo ya pili, ambayo katika makala haya inaitwa uhusika wa ugeni, ilikomazwa zaidi na michezo ya kikauboi ya Marekani. Gunsmoke, iliyorushwa na kituo cha CBS kuanzia mwaka 1955 hadi 1975 na kufikisha vipindi 635, na Bonanza, iliyorushwa na NBC kati ya 1959 na 1973, zilisimama juu ya msingi huo huo: mlinda sheria Matt Dillon, aliyeigizwa na James Arness, hakuhama Dodge City, na ukoo wa Cartwright haukuiacha ranchi yake, ilhali mchimba dhahabu, mwizi wa ng'ombe, mjane na mhubiri walipishana mlangoni wiki baada ya wiki. Mwigizaji mmoja angeweza kuhukumiwa kunyongwa msimu huu na kurudi msimu ujao akiwa daktari, na hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Kenya haikuwa na makauboi wa kuonyesha, lakini muundo huo ilikuwa nao, tena katika umbo ambalo pengine lilifaa zaidi. Televisheni ilianza nchini humo mwaka 1962, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), ambalo serikali ya uhuru ililitwaa mwaka 1964 na kulipa jina la Sauti ya Kenya, au VoK, kabla ya jina la KBC kurudishwa mwaka 1989; hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990, mtu mwenye runinga hakuwa na kituo kingine cha kuchagua. Ni katika kipindi hicho cha kituo kimoja, kuanzia miaka ya 1970, ambapo Vioja Mahakamani ilijijengea watazamaji wake. Huo ni mchezo wa kuchekesha ambao jukwaa lake ni chumba cha mahakama, ambamo hakimu, kiongozi wa mashtaka na askari wa mahakama hubaki palepale, na mshtakiwa pamoja na mashahidi wake hubadilika kulingana na kesi. Mahakama huzalisha wageni bila kulazimisha mambo. Katika mchezo wa kikauboi mwandishi hulazimika kutafuta sababu ya mgeni kufika mjini, lakini mshtakiwa hana haja ya sababu, kwa kuwa ameletwa na polisi.

Miongoni mwa wahusika waliozoeleka katika vichekesho vya Kenya, ndani ya mahakama hiyo na nje yake, ni mtu kutoka Magharibi, yaani nchi ya Waluhya ambayo makao yake makuu yalikuwa Kakamega. Kazi zake ni mbili au tatu tu: ni mlinzi wa usiku, ambaye mitaani huitwa soja, ni mpishi, au ni mtunza bustani. Huingia kizimbani akiwa amevaa kabuti zito linalofika chini ya magoti, ingawa ni mchana, na kofia ya sufu aliyoivuta hadi masikioni. Anapoulizwa swali jepesi, hujibu kwa kirefu, akianzia kwenye chakula alichokula kabla ya kwenda lindoni, na kiongozi wa mashtaka anapomkatiza huchukulia kwamba hakusikika vizuri, akarudia yote kwa sauti ya juu zaidi. Jina lake ni la Kiluhya waziwazi, ugali na kuku haviko mbali na maneno yake, na kesi ikiisha haijulikani mkewe ni nani wala shamba lake liko wapi. Kakamega yenyewe hubaki mahali pa kupelekwa na basi la usiku, jina linalotajwa na kuachwa hapo.

Swali linalostahili kuulizwa na mwanahistoria ni kwa nini mgeni huyu alipewa rungu na tochi, wala si jembe, nyavu au fimbo ya kuchungia. Vichekesho havikumbuni kutoka hewani. Vilimkuta tayari kwenye milango ya Nairobi, na safari iliyomfikisha huko ilianza miaka mingi kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa.

Utawala wa Waingereza uliingia eneo hilo kupitia Mumias, katika himaya ya Nabongo Mumia wa Wanga, na ni mwaka 1920 ambapo makao ya wilaya, iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini, yalihamishiwa Kakamega. Kodi ya kibanda, yaani kodi iliyotozwa kwa kila nyumba mtu aliyokuwa nayo, ilidai fedha taslimu katika nchi ambayo utajiri wake ulikuwa ng'ombe, wimbi na watu, na njia ya haraka ya kuzipata ilikuwa kuuza nguvu za mwili kwa walowezi au mjini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaja sheria ya kipande, iliyomtaka kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi abebe cheti chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake. Mwaka 1930 tawi la reli kutoka Kisumu lilifika Butere, na tangu hapo kijana wa Marama au Wanga aliweza kupanda gari moshi karibu na kwao na kushukia Nairobi. Kusini zaidi, Maragoli na Bunyore, sehemu ambazo hata kwa kipimo cha siku zile zilikuwa zimejaa watu, mashamba yaliyogawanywa kwa wana wote hayakutosha, na kuondoka kwa wanaume kukawa desturi ya kila ukoo.

Halafu ikatokea dhahabu. Mwaka 1931 L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima sehemu za Turbo, alikuta chembe za dhahabu katika mchanga wa mto Yala, na habari hizo zikawafikia walowezi waliokuwa wamefilisiwa na mdororo wa uchumi wa dunia, bei ya mahindi iliyoporomoka na nzige. Katika muda wa miezi michache Kakamega ilijaa mahema, karai za kuchekechea mchanga, mashimo, na wanaume wa Kizungu waliojitangazia mipaka ya viwanja vyao kwa vigingi katika mashamba ya watu. Mtu aliyetazama baadaye michezo ya kikauboi kwenye runinga angetambua kila kitu katika mandhari hiyo, isipokuwa jambo moja ambalo michezo hiyo haikupenda kulikazia, nalo ni kwamba ardhi iliyokuwa ikichimbwa ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wamesimama pale wakitazama.

Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba maeneo yaliyotengewa Waafrika yangebaki yao daima, na kwamba kipande chochote kikichukuliwa kwa haja ya umma, ardhi nyingine ya thamani hiyo hiyo ingetolewa badala yake. Ahadi hiyo haikumaliza miaka mitatu. Mwezi Desemba 1932 serikali iliirekebisha sheria ili ardhi yenye madini iweze kutolewa kwa kulipa fedha tu, bila ardhi ya badala, na hata bila kulishauri kwanza baraza la wenyeji. Jambo hilo lilizua kelele hadi Bunge la Uingereza, na huko Kavirondo Kaskazini lilichochea siasa mpya, zikiwemo za chama cha North Kavirondo Central Association, ambacho katika miaka hiyo kilisaidia kuwafanya watu wa koo na lahaja mbalimbali wajihesabu kuwa kundi moja la Waluhya. Dhahabu ya mchangani iliisha upesi, wachimbaji wadogo wakatawanyika, na kazi ikabaki kwa makampuni yenye mitambo. Mgodi mkubwa kuliko yote, Rosterman, ulifunguliwa katikati ya miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1952, ukaacha jina lake likiitwa mtaa wa mji wa Kakamega hadi leo. Johnson na wenzake walikuwa wageni kamili kwa maana ya televisheni: walikuja na tatizo lao, wakalitatua au wakashindwa, wakaondoka. Wenyeji walibaki na mashimo, na wengi wao, wakiwa wamekwisha kuzoea kazi ya ujira mgodini, wakaendelea na safari kwenda kuitafuta kwingine.

Waliofika Nairobi walisambaa katika reli, jikoni mwa Wazungu na Wahindi, na kwenye malango ya maduka na maghala, na waliosomeshwa katika shule za misheni, kama ile ya Waquaker wa Marekani waliofika Kaimosi mwaka 1902, wakawa makarani na mafundi. Walijenga maisha kamili ya mjini: makanisa, vyama vya mazishi, na mwaka 1964 klabu ya kandanda ya Abaluhya, ambayo baadaye ilipewa jina la AFC Leopards. Ni dhahiri kwamba karani, fundi wa reli, mwalimu na mchezaji wa mpira walikuwa wengi, lakini vichekesho vilimchagua soja. Sababu yake ni ya kitabaka kuliko ya kikabila. Waandishi na watayarishaji walikuwa watu wa ofisini, na mtu wa Magharibi waliyekutana naye kila siku, asubuhi wakitoka na usiku wakirudi, ndiye huyo aliyewafungulia lango.

Chombo kikuu cha uigizaji wa aina hii ni lafudhi, yaani namna ya kutamka inayomfichua msemaji ametoka wapi. Katika lahaja nyingi za Kiluhya sauti b, d na g za kupasuka hupatikana hasa zinapotanguliwa na nazali, kama katika mb, nd na ng, na zikiwa peke yake ulimi uliozoea lahaja hizo huelekea p, t na k. Hivyo gari huwa kari, na duka huwa tuka. Mwigizaji hulichukua jambo hilo, ambalo kwa msemaji wa kawaida hutokea mara moja moja na kwa wengi waliosoma halitokei kabisa, akalifanya kanuni isiyo na ruhusa ya kuvunjwa, na hapo ndipo kicheko huanzia. Kabuti na rungu vinaweza kusahaulika nyumbani siku ya kurekodi; lafudhi haisahauliki.

Kwa kuwa lafudhi ni vazi, haikuwa lazima ivaliwe na mwenye kabila lake. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, na Wakenya wa vizazi vitatu walimjua kama Mzee Ojwang' Hatari, Mjaluo wa Vioja Mahakamani na wa mchezo mwingine wa kuchekesha, Vitimbi. Mkewe wa kwenye runinga, Mama Kayai, ambaye naye mtazamaji humchukulia kuwa Mjaluo, ni Mary Khavere, na yeye ni Mluhya. Mwanamke wa Magharibi, basi, alipata umaarufu kwa kumwigiza Mjaluo, huku sura ya Magharibi ikipewa yeyote aliyejua kuiigiza. Marekani nayo iliujua ubadilishanaji huo, lakini kwa namna isiyo na usawa wowote: Iron Eyes Cody, aliyeonekana katika michezo mingi ya kikauboi akiwa Mwenyeji wa asili wa Marekani, alizaliwa na wazazi wa Kiitaliano, na Wenyeji wa asili hawakupewa nafasi ya kumwigiza Mwitaliano. Vioja Mahakamani iliwapa Wakenya kitu ambacho Gunsmoke haikuwa nacho, kwa sababu kila kabila lilipanda kizimbani kwa zamu na kila mwigizaji aliweza kuazima ulimi wa mwenzake. Hata hivyo usawa wa zamu si usawa wa vyeo. Katika zamu zote hizo, yule wa Kakamega alirudi akiwa na rungu lile lile.

Jambo la ajabu ni kwamba wilaya iliyotoa masoja hao wa kuigizwa ilikuwa pia imetoa mmoja wa waigizaji na waandishi waliojua zaidi kazi ya televisheni katika miaka ya 1970. Francis Imbuga alizaliwa mwaka 1947 kijijini Wenyange, Maragoli Magharibi, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Kakamega na ambayo leo iko katika Kaunti ya Vihiga. Alianza kujulikana kama mwigizaji akiwa mwanafunzi wa Alliance High School, kupitia tamasha la maigizo la shule, na alipokwenda Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika na kuigiza michezo mingi ya VoK, kabla vitabu vyake havijamfanya jina la darasani. Mwandishi aliyepitia studio hujifunza mambo mawili ambayo jukwaa la kawaida halimlazimishi kuyajua: kumtambulisha mhusika kwa sentensi ya kwanza anayoitamka, na kumaliza jambo lake kabla ya muda kwisha. Kazi yake mashuhuri, Betrayal in the City, iliyochapishwa mwaka 1976 na kupelekwa mwaka uliofuata Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, ina alama za mafunzo hayo kila ukurasa.

Mhusika wa kutazamwa hapo ni Mulili. Katika nchi ya kubuni ya Kafira, Mulili ni binamu wa mtawala anayeitwa Boss, na Kiingereza chake kimevunjika vipande, hakina nyakati wala mpangilio, sawasawa na lugha ya soja aliye kizimbani. Tofauti ni kwamba hakuna anayethubutu kucheka mbele yake. Neno lake baya humfikia Boss, na kwa sababu ya zabuni ya kuuza maziwa chuo kikuu mtu anayeitwa Kabito hupoteza maisha. Imbuga alichukua lugha mbovu, ambayo televisheni ilikuwa imeizoesha umma kuiona kama alama ya mtu mdogo, akampa mtu mwenye uwezo wa kuua, na mtazamaji aliyekuja ukumbini na mazoea yake ya kucheka akajikuta amecheka mahali pa kuogopa. Mchezo huo pia unahusu ugeni kwa maana nyingine: wafungwa wanafanya mazoezi ya igizo la kumburudisha kiongozi wa nchi ya nje anayetarajiwa kuzuru Kafira, na ni ndani ya igizo hilo la mgeni ambapo silaha zinageuziwa wenyeji. Huenda hakuna andiko la Kenya la muongo ule lililoonyesha vizuri zaidi kwamba mtu aliyepewa nafasi ya kupita anaweza kuikamata hadithi nzima. Imbuga aliandika kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo hasara yake kwa mada hii, kwa kuwa mtazamaji wa Vioja Mahakamani hakukutana na Mulili isipokuwa alipokwenda sekondari na kumkuta kwenye orodha ya vitabu vya mtihani. Alifariki Novemba 2012.

Katika vichekesho vya Kiswahili vyenyewe mabadiliko yalichelewa hadi vituo vya binafsi vilipoanza kushindania watazamaji. Papa Shirandula, mchezo wa Citizen TV ulioanza miaka ya 2000, ulimchukua yule yule mlinzi wa lango, mwenye jina la Kiluhya na lafudhi yake, ukamfanya mwenye nyumba. Charles Bukeko, aliyemwigiza, alikuwa na mwili mkubwa na uso uliobadilika kwa haraka, na chanzo cha visa vyake kilikuwa kimoja chenye kuzaa vingi: Shirandula ni soja, lakini mkewe Wilbroda hapaswi kujua. Kwa hiyo kabuti, ambalo katika kizimba cha zamani lilikuwa alama tu ya kumtambulisha mgeni, likawa siri ya kufichwa, la kuvaliwa njiani na kuvuliwa kabla ya kufika nyumbani. Soja akapata mke, deni, marafiki, aibu na mipango ya kesho, mambo ambayo mshtakiwa wa kesi moja hana nafasi ya kuwa nayo. Hata waliomzunguka walikuwa wale ambao zamani wangepita tu: Awinja, mfanyakazi wa nyumbani aliyeigizwa na Jacky Vike, angekuwa shahidi wa dakika mbili katika Vioja Mahakamani, lakini hapa alikua hadi akawa na mashabiki wake mwenyewe.

Wapo wanaoshikilia kwamba mchezo huo uliendeleza kejeli ile ile kwa mavazi mapya, na hoja yao haiwezi kupuuzwa, kwani lafudhi ilibaki na kazi ya ulinzi ilibaki. Lakini kejeli hupimwa kwa kuangalia ni nani anayejua siri. Katika kesi ya zamani, hakimu, kiongozi wa mashtaka na mtazamaji walijua kitu ambacho soja hakukijua, yaani kwamba yeye ni kichekesho; kwa Shirandula, soja na mtazamaji wanajua pamoja, na wanaodanganywa ni wengine. Mwigizaji anayeshirikiana siri na watazamaji wake hawezi tena kuitwa mgeni. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020 na kuzikwa kwao Busia, na mchezo huo haukuendelea bila yeye.

Wakuu wa michezo hii, angalau, wanajulikana kwa majina. Hali si hiyo kwa wale wa kesi moja, wanaume na wanawake waliopanda basi kwenda Nairobi, wakasimama kizimbani kwa nusu saa katika studio za KBC za Barabara ya Harry Thuku, wakalipwa na kurudi kazini kwao, kwa kuwa majina yao yalipita haraka mwishoni mwa kipindi na hayakuandikwa popote ambapo msomaji wa kawaida anaweza kuyaona. Baadhi yao wangali hai, wakiwa wazee, na Kakamega ina chuo kikuu chake cha Masinde Muliro chenye walimu na wanafunzi wanaozijua lahaja za huko. Kazi ya kuwafuata wazee hao, kuwauliza walicheza kesi zipi na nani aliwafundisha kuvaa lile kabuti, na kuyaandika majibu pamoja na majina yao kamili, haihitaji mtambo wowote, na ifanywe sasa wangali wanaweza kujibu.